Projekti yangu ya omena imepatikana na neno "naira" ndani, Shangazi nifanyeje?

Shangazi, pokea salamu nyingi kutoka Kisumu. Saa hii ni saa nane usiku, rumeti amelala, mimi usingizi umenikataa tangu Jumanne nikaona afadhali nikuandikie.

Mimi ni msichana wa miaka 23, niko mwaka wa nne, nafanya kozi ya biashara, chuo sitataja juu nikitaja watanijua mara moja. Projekti yangu inahusu wanawake wanaouza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa Kisumu, mtaji wanatoa wapi na ni nini huwarudisha nyuma. Hakuna mtu alinipea hiyo topiki, nilijichagulia, manake mama yangu ameuza omena soko la Kibuye tangu nikiwa darasa la pili na hiyo omena ndiyo imenifikisha hapa.

Jumanne supavaiza alinipigia simu niende ofisini. Nilijua ni kusainiwa, hata nilivaa vizuri. Kufika, kazi yangu iko kwa meza, imeprintiwa, mistari imepakwa marangi ukurasa baada ya ukurasa, na juu imeandikwa 52%, yaani zaidi ya nusu inafanana na kazi za watu wengine. Hakupiga kelele. Alifungua ukurasa wa 31 akanisukumia. Alikuwa amezungushia neno moja duara na kalamu nyekundu: naira. Akaniuliza, "Siku hizi Kibuye wanauziana kwa naira?" Shangazi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wacha nikwambie ukweli wote, juu hapo ofisini sikuusema. Fomu ni zangu. Nilikaa Kibuye wiki mbili, nikauliza wanawake 40, wengine wananijua tangu nikiwa mtoto, wengine walikuwa wananijibu huku wanapimia kastoma na gorogoro, lile kopo la kupimia, na majibu yao nikajaza mimi mwenyewe. Hizo namba hakuna mtu anaweza kuniambia nimeiba. Lakini ilipofika kuandika, chapta ya pili yote na karibu nusu ya chapta ya nne nilitoa kwa tesis ya mtu wa Nigeria niliyoipata kwa intaneti, nayo inahusu wanawake wauza samaki, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri sana Shangazi, kile cha vitabu. Nilitoa jina la mji wao nikaweka Kisumu, nikatoa samaki wao nikaweka omena, naira nikageuza shilingi, lakini hiyo moja ya ukurasa wa 31 ikanipita.

Si ati sikujaribu. Chapta ya pili niliandika mwenyewe mara ya kwanza, mwezi wa pili, nikatuma kwa imeili nikangoja wiki saba. Jibu likaja mstari mmoja, "Lugha si ya kitaaluma, rudia." Sikujua nirudie wapi. Supavaiza nimemwona uso kwa uso mara mbili tangu Januari, ana wanafunzi wengi na anafundisha kampasi nyingine pia. Mimi nayo kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu usiku niko kwa duka la M-Pesa Kondele, nafunga, natembea mpaka Manyatta, napika, nikifungua laptopu ni saa tano na macho yanafunga.

Hiyo kazi nilianza mwaka wa pili. Kuna siku mvua ilinyesha Usenge mama akiwa ameanika omena za magunia mawili juu ya nyavu, pesa zenyewe alikuwa amekopa kwa chama chao cha akina mama. Walikimbia kuzikusanya na akina mama wengine, mmoja akavua leso akafunika, lakini maji yalikuwa yameshaingia, ikabidi azipeane kwa mtu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Semista hiyo karo haikulipwa. Mama hakuniambia, nilijua siku ya mtihani nilipokosa kadi.

Kaka yangu mkubwa huandikia wanafunzi wa ng'ambo asaimenti zao, analala mchana anaandika usiku juu ya masaa ya Marekani, na laptopu hii ni yeye alininunulia. Nilipomwambia akasema nisijisumbue, ati hata hao wazungu hawaandiki zao, ni sisi huwaandikia na wanapewa digrii.

Sasa kuna kijana ana saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na geti. Anasafisha projekti. Unampea 3,500, unamwachia flashi, kesho unapata kazi iko chini ya asilimia 15. Rumeti wangu alisafishiwa hapo na amepita. Supavaiza amenipea wiki tatu, isiporudi ikiwa sawa anapeleka jina langu kwa kamati ya nidhamu. Mahafali ni Desemba. Mama ameshalipia kitambaa cha kushona, chake na cha dada zake wote.

Nisafishiwe? Na je, mimi ni mwizi? Hilo neno ndilo linaninyima usingizi kuliko hata mahafali. Na mama nimwambie ama nimwache tu?

Mtoto wa Omena, Kisumu

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi, kwa nini utajua hapo mbele.

Tuanze na huyo kijana wa saiba juu wiki tatu si nyingi. Usimpelekee hata shilingi. Kinachofanyika huko si siri, anaingiza kazi yako kwa programu inayobadilisha kila neno liwe neno lingine linalokaribiana nalo, sentensi inabaki na mifupa ileile imevishwa nguo zisizoitosha. Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Mfaransa mmoja, Guillaume Cabanac, walianika makala za kisayansi zilizopitia programu za aina hiyo: saratani ya matiti imegeuka kitu kama "hatari ya kifuani", akili bandia imegeuka "fahamu ghushi", na hizo zilikuwa zimeshachapishwa kwa majarida. Sasa fikiria gorogoro lako likipita hapo litatoka likiitwa nini. Supavaiza aliyeona naira moja katikati ya kurasa zote hizo atakosa kuona hilo? Na hata likipita mashine, bado kuna difensi, watu wamekaa mbele yako na kazi mkononi, mmoja anachagua sentensi anakuuliza hapa ulimaanisha nini, na wewe ndiyo mara ya kwanza unaiona hiyo sentensi.

Najua utaniambia rumeti amepita. Amepita, lakini kazi yake inabaki mahali inaweza kufunguliwa. Waziri wa ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, naye alikuwa amepita, alikuwa na udaktari wake wa sheria na cheo kikubwa serikalini, halafu mwaka 2011 watu wakakaa kwa intaneti wakaanza kulinganisha tesis yake ukurasa kwa ukurasa na kazi za wengine. Chuo Kikuu cha Bayreuth kikamvua ule udaktari na siku chache baadaye akajiuzulu uwaziri. Simtaji kukutisha. Namtaja ujue kwamba kinachofutwa pale saiba ni rangi tu, kosa lenyewe linakaa palepale.

Halafu hiyo 52%. Turnitin, hiyo programu inayotoa hizo namba, haijui wizi ni nini. Inalinganisha maneno yako na yale iliyo nayo, kurasa za intaneti, majarida, kazi za wanafunzi wengine zilizowahi kuingizwa, ikikuta mfuatano unaofanana inapaka rangi, basi. Inaweza kupaka rangi marejeleo yako, jina la kozi, hata sentensi uliyonukuu vizuri kabisa na ukataja mwenyewe. Mtu anaweza kupata 22 na hana kosa lolote, mwingine akapata 9 na hiyo 9 ndiyo moyo wa kazi yote na ameutoa kwa mwenzake. Kwa hivyo ukikaa chini kuandika usikae ukifukuza namba ishuke, utaharibu kazi na bado utakuwa umeiba. Andika vizuri na namba itajishukia yenyewe.

ChatGPT hujaniuliza lakini nitasema, juu nina hakika mtu amekwambia au atakwambia kabla wiki haijaisha. Tangu ilipotoka Novemba 2022 wengi wameacha kukopi kwa mtu wakaanza kukopi kwa mashine, na Turnitin nayo ikaongeza kitu cha kunusa maandishi ya mashine Aprili 2023. Hivyo vinusio vinakosea, na vinawakosea watu kama wewe na mimi zaidi. Watafiti wa Stanford walivijaribu mwaka 2023 kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na binadamu kwa mkono wake, zikaitwa za mashine. Ndiyo maana nakuomba, kuanzia leo usifute kitu. Kila drafti iweke na tarehe yake. Zile fomu 40 zifunge na uzi uziweke mahali mvua haifiki, siku mtu akikushuku hizo ndizo zitakusemea.

Sasa hilo neno mwizi.

Ulichofanya ni wizi, mwanangu, sitakizungushia maneno. Huyo mtu wa Nigeria pia alikaa sokoni kwake akauliza mama za watu, akachomwa na jua la kwao, akarudi akaandika usiku kama wewe. Lakini kuna mwingine uliyemwibia ambaye hata hujamfikiria, na huyo ndiye alinifanya niishike barua yako muda mrefu. Ni wale wanawake 40 wa Kibuye. Walikuachia muda wao kastoma wakiwa wamesimama, wakakujibu ya ukweli, halafu wewe ukachukua namba zao ukaziwekea maelezo ya wanawake wengine kabisa, wa soko lingine, wa samaki wengine. Mtu akisoma ile chapta ya nne anafikiri anasikia mama wa Kibuye akiongea kumbe siye. Naira lilikuwa neno dogo tu lililoonekana. Yale maneno makubwa yote yaliyolizunguka pia hayakuwa ya Kibuye.

Hiyo ni sehemu yako na uibebe. Kuna sehemu si yako, na hiyo nimeisubiri nafasi ya kuiandika miaka.

Mtoto wetu anafundishwa lini kwamba maneno ya mtu mwingine yana mwenyewe? Kumbuka insha zako za KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane, ile insha ya maksi 40. Si uliambiwa uanze na jua linachomoza mashariki na ndege wakiimba nyimbo tamutamu, na ulikariri methali kumi na tashbihi ishirini kutoka kwa daftari la mwalimu, na darasa zima likaandika jua lilelile na ndege walewale, na aliyekariri vizuri akapata 36 akapigiwa makofi? Ukienda sekondari ni noti kwa ubao, unanakili neno kwa neno, ukibadilisha neno kwa mtihani unaogopa utakosa maksi. Miaka kumi na miwili mtoto anapewa zawadi kwa kurudisha maneno ya mkubwa vile yalivyo. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023 lakini waliolelewa nayo ndio mmejaa vyuoni saa hii. Anafika chuo ana miaka kumi na tisa, wiki ya kwanza anapewa kitabu cha kanuni, kuna aya moja ndani imesema kunakili ni hatia, na hapo tunahesabu tumemfundisha. Hakuna aliyekaa naye dakika ishirini akamwonyesha, hii ndiyo sentensi ya mwandishi, hebu sasa tuiseme kwa maneno yako, halafu tuseme tumeitoa wapi.

Na hawa wanafunzi si wavivu, hapo ndipo watu wengi hukosea. Kunakili na kubadilisha miji na samaki na pesa ukurasa baada ya ukurasa ni kazi, na ulikuwa na wiki mbili za sokoni na fomu 40 mkononi. Mvivu hangejaza hizo fomu. Nilifundisha miaka mingi huku kwetu magharibi kabla sijastaafu, na waliokuja kwangu na kazi ya wizi wengi walikuwa na kitu kimoja, walikuwa wanaamini kile wanachokijua hakistahili kuandikwa. Kijana amekua kwa miwa, baba yake amengoja malipo ya kiwanda mpaka amezeeka, anaandika kuhusu wakulima wa miwa halafu anaenda kunakili mtu ambaye hajawahi kushika panga, manake huyo wa kitabu anasikika msomi na yeye anajisikia mtoto wa shamba. Wewe uliambiwa "lugha si ya kitaaluma" na ukaelewa kwamba sauti yako haifai. Sidhani supavaiza alimaanisha hivyo, lakini mstari mmoja baada ya wiki saba mtoto angeuelewaje?

Nami pia niseme langu. Kuna mwaka nilipewa projekti 38 za kusimamia, na madarasa, na mitihani ya kusahihisha. Nilisoma utangulizi, nikasoma hitimisho, katikati nikapitisha macho. Najua kuna kazi za wizi nilizisaini kwa kalamu yangu mwenyewe, na kuna wale waliokaa usiku kucha wakaandika zao na sikuwasoma pia. Hao wa pili ndio huniuma. Mwanafunzi akishajua hakuna anayesoma, atamwandikia nani? Kwa hivyo supavaiza wako namlaumu kwa zile wiki saba, lakini ukurasa wa 31 aliufikia, aliusoma neno kwa neno. Mtu wa kukusoma unaye, ingawa amechelewa.

Kuhusu kaka yako nitasema machache. Yeye anakupenda na laptopu alinunua kwa jasho. Lakini anachokwambia, ati hata wazungu hununua, hakikusaidii chochote, hao nao wana hofu zao na kazi zao za usiku na Kiingereza cha mkopo wengi wao, na wakishikwa digrii inaenda. Australia ilipitisha sheria mwaka 2020 na Uingereza 2022, na sheria hizo hazimkamati mwanafunzi, zinamkamata anayeuza na anayetangaza biashara hiyo. Kaka yako ana kipaji cha kusoma kitu usiku mmoja akakielewa na akakiandika kikaeleweka, na mpaka leo hakuna hata karatasi moja duniani yenye jina lake. Siku moja mtakaa muongee, si wiki hizi tatu.

Wiki hizi tatu fanya hivi. Kesho kabla ya saa sita mwandikie supavaiza imeili, usingoje akutafute. Mwambie chapta ya pili na kurasa fulani za chapta ya nne ulizitoa kwa tesis fulani, itaje kwa jina, mwambie fomu ni zako na uko tayari kumwonyesha zote, mwambie unaziandika upya na unaomba akusomee kurasa tano za kwanza kabla hujaendelea. Kurasa tano, si chapta, mtu mwenye wanafunzi wengi kurasa tano hawezi kukataa. Usiandike "nilipitiwa" wala "ni kosa la kuprinti". Sikuahidi kwamba kamati haitakuita. Lakini mtu aliyejisema mwenyewe na ana fomu 40 anaingia kwa hicho chumba tofauti na yule aliyevutwa.

Pale dukani omba ruhusa ya jioni chache, ukikosa basi amka saa kumi alfajiri badala ya kukesha, kichwa cha saa tano usiku ndicho kilikuponza.

Halafu kuandika kwenyewe. Ile tesis ya Nigeria usiikimbie, ni ya maana, inaruhusiwa kabisa kuwa kwa kazi yako ikiwa na jina lake. Soma ukurasa mmoja, funika laptopu, shika simu, jirekodi ukimwelezea mama yako alichosema huyo mtu, kwa Dholuo, hivyo tu vile ungemwelezea akiwa anachambua omena. Dholuo haina yale maneno ya kujifichia, ukikwama ujue hujaelewa, rudi usome tena. Ukimaliza sikiliza, kisha andika kwa Kiingereza chako ulichosikia, fungua laptopu ulinganishe kama hujarudia maneno yake, na umtaje. Hata kama kila neno ni lako, wazo ni lake, umtaje. Aya nne za kwanza zitakuchukua siku nzima na utataka kulia. Ya tano inakuwa rahisi.

Na chapta ya nne? Hapa ndipo kalamu yangu ilikuwa kwa barua yako. Nimepiga mstari mahali umeandika kuhusu mvua ya Usenge. Najua hukuwa unaandika projekti, ulikuwa unanieleza tu kwa nini uko kwa duka la M-Pesa, lakini hebu angalia ulichosema hapo: mtaji ni mkopo wa chama, hakuna mahali pa kuanikia pa maana isipokuwa nyavu chini, mvua moja inashusha chakula cha watu kuwa chakula cha kuku, hasara inaenda kwa mama peke yake, na mwisho wa mstari ni kadi ya mtihani ya mtoto. Umeandika pia kuhusu yule mama aliyevua leso akafunika omena isiyo yake, na hiyo ni bima ya pekee waliyo nayo. Mwanangu, uliniandikia matokeo ya utafiti bila kumkopi mtu, tena saa nane usiku, na nikakuelewa mimi niliyeko mbali.

Sasa rudi kwa hizo fomu. Ukiona wengi wamesema shida ni mtaji, usiandike ukosefu wa mtaji ni changamoto kuu inayowakabili wanawake wajasiriamali, sentensi hiyo haina mwenyewe, unaweza kuipeleka Lagos au Mombasa na haitabadilika. Andika wangapi kati ya 40 wanakopa kwa chama, wangapi wanachukua mali kwa mwenye mashua na kulipa wakishauza. Andika inakuwaje kuanzia Aprili mpaka Julai uvuvi wa omena ukifungwa ziwani, nani anabaki na kibanda wazi na anauza nini. Na kuna jambo ambalo wanawake hawasemi mbele ya fomu, jaboya, ule mtindo wa mvuvi kumpa mama samaki kwa sharti la kulala naye. Kama kulikuwa na waliolidokeza, wape nafasi yake kwa heshima na bila majina. Hayo hakuna tesis ya nchi nyingine itakuandikia.

Mwambie mama. Najua kitambaa kimelipiwa, lakini mama aliyeficha hasara ya magunia mawili ili wewe usome anajua kitu kuhusu kubeba jambo zito kimya, na alivyokuficha wewe uliumia zaidi ulipojua kwa mlango wa mtihani. Usimfanyie hivyo hivyo. Si lazima umweleze Turnitin. Mwambie umechukua maneno ya mtu ukayaita yako, umeshikwa, na umepewa wiki tatu kurekebisha, ataelewa, sokoni pia kuna wanaoweka mawe chini ya gorogoro na kila mtu anajua wao ni akina nani.

Jumapili Kibuye ikijaa usiende kumsaidia kuuza tu. Nenda mapema kabla kastoma hawajafika, ukae naye kwa gunia, uweke simu inarekodi mahali anaiona, umwombe ruhusa vizuri kama ulivyowaomba wale wengine, kisha umuulize hili ambalo kwa fomu zako sidhani liko: Mama, ile siku ya mvua, kabla hujaamua kuzipeana kwa mtu wa kuku, ulipiga hesabu gani?